Usimvue Kengele

Kisangani, Wagenia, 11 Februari 2024

Shemeji Médard,

Nakusalimia wewe na wote wa kwako huko ng'ambo ya mto. Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Goti langu bado linanisumbua, hasa nikishuka kwenye mawe, lakini nashuka vilevile maana samaki haipandi yenyewe. Stéphanie binti yangu alizaa mutoto mwanaume, analia kama anatafuta mutu wa kugombana naye. Courant ya umeme tunaiona leo, kesho hatuioni, na maporomoko ya Tshopo inayoitoa iko hapa hapa mulangoni. Tumezoea. Wakati wa Noeli nilijaribu kukupigia simu, na Mwaka Mpya tena. Yule maman wa réseau anasema tu haupatikani. Donc nimeamua kuandika, Timothée wa camion, lile lori la Banalia, atakuletea. Yeye ni mutu wa kweli, hasahau barua mufukoni.

Habari za Urbain? Mwaka jana ulinitumia neno kwamba mutoto wako alienda kwenye machimbo ya dhahabu, halafu kimya. Ni kitu pekee dada yangu Pétronille alituachia wakati wa kufa, na tangu awe mwanaume hajapita hata siku moja kunisalimia. Ukimuona, umuambie mama yake mudogo anamuwekea samaki ya kukausha, wale wakubwa. Umuambie nimekasirika, lakini kidogo tu.

Bon, neno lenyewe lililonifanya nikae na bic na karatasi ni hili: nimeokota mbwa. Usicheke. Asubuhi moja nilishuka kungojea wanaume watoe samaki kwenye mitego, nikamukuta amelala kati ya mawe mawili, maji inamurukia, wala hajisumbui. Nilifikiri amekufa. Nilipomugusa na kijiti akafungua jicho moja, akaniangalia, akalifunga tena, namna ya mutu anayesema, kama ni wewe wa kunimaliza, maliza basi. Shingoni alikuwa na waya wa courant, ule mweusi, umeingia ndani ya nyama mpaka ngozi imeanza kuufunika. Mimi si mutu wa mbwa, unanijua. Lakini nililia pale kwenye mawe, na wanaume wananicheka mpaka leo.

Nilimubeba kwa pagne yangu, kitenge cha kiunoni. Waya niliukata na mukasi wa Stéphanie, nikamuosha na maji ya chumvi, nikamupaka mawese. Sasa anakula. Anakula kwanga ya muhogo, anakula vichwa vya samaki, juzi alikula hata sabuni. Habweki. Tangu afike sijasikia sauti yake, nafikiri waya ulimuharibia koo. Na chini ya waya alikuwa na kamba ya ngozi, na kwenye kamba kengele ya muti, kubwa kama ngumi yangu, imezibwa na kitambaa. Wawindaji wa kwenu nimekwisha kuwaona na mbwa wa namna hiyo, ndiyo maana nakuandikia wewe na si padiri.

Kinachonisumbua ni hiki. Watu wa soko wanasema wenyewe wako Kabondo, karibu na barrière, kile kizuizi cha magari cha barabara ya Ituri, muke na watoto wawili. Wanamufunga kwenye muti wa papai kutwa nzima juani, maji hakuna, chakula ni bahati. Alors sasa wanamutafuta, wanauliza mulango kwa mulango. Walikuwa wapi waya ulipokuwa unamukata? Wewe uliishi na mbwa tangu utoto, tena ni catéchiste, unajua haki ya mutu. Nimurudishe, au ninyamaze? Roho yangu inasema ninyamaze. Lakini roho yangu huwa inapenda mambo rahisi.

Nakutumia samaki kidogo ndani ya majani. Timothée asiifungue.

Ni mimi, Ursule, mudogo wa Pétronille



Banalia, ng'ambo ya Aruwimi, 6 Machi 2024

Shemeji yangu Ursule,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Barua nimeipokea, na samaki pia. Timothée aliifungua, lakini alikula mmoja tu. Mpe Stéphanie hongera zangu. Huku mvua zimechelewa na mpunga umesimama. Bac, kivuko chetu, iliharibika, watu na pikipiki zao wakawa wanavuka kwa mitumbwi. Kifua changu kinakohoa. Porini siendi tena. Nafundisha katekisimu, na siku nyingine nachonga mipini ya majembe.

Kuhusu mbwa. Mbwa mwenye kengele si wa kuokota, ana mtu. Usiulaumu waya kwa sauti yake: mbwa wetu hawabweki, ndivyo walivyoumbwa. Porini mwindaji hujua mbwa alipo kwa kengele yake, na nyumbani huzibwa kwa majani au kitambaa ili watu wapate usingizi.

Kwa hiyo nakuonya jambo moja. Hata ukimpenda, usimvue kengele. Katika ukoo wa baba yangu, mbwa wa kuwinda huvuliwa kengele siku bwana wake amekufa, na si kila mtu anayemvua. Ni baba wa marehemu, na kama baba hayupo, kaka yake mkubwa, mbele ya mjane na watoto. Anachomoa vijiti vya ndani vinavyoipa kengele sauti, na hapo ndipo watu wanaruhusiwa kulia. Kumvua mbwa ambaye bwana wake yu hai ni kumtakia mtu kifo.

Mrudishe. Wawe wabaya, wawe wazuri, wenyewe ni wenyewe. Waambie ukali wako wote pale mlangoni, kisha uwaachie kilicho chao.

Kwa Urbain hakuna jipya la kukuandikia.

Niambie tu, kwa kutaka kujua: kengele hiyo ni ya mti wa namna gani? Ina vijiti vingapi? Na sikio la kushoto la mbwa likoje?

Shemeji wako, Médard



Kisangani, 2 Aprili 2024

Shemeji Médard,

Pasaka njema, ijapokuwa imepita. Hapa tuliisherehekea na pondu ya majani ya muhogo na samaki, na mvua juu yake. Mutoto wa Stéphanie tulimubatiza, alimukojolea padiri, watu wote wakafurahi isipokuwa padiri. Nakutumia majani ya kikohozi. Uchemshe, usitafune kama mbuzi.

Maswali yako. Kengele ni ya muti mwekundu, mzito, umelainika kwa kushikwa. Vijiti ni viwili. Kwenye mudomo wake kuna mustari uliochomwa na chuma cha moto, unazunguka pande zote. Sikio la kushoto limepasuka katikati kama mukia wa samaki. Umetosheka? Unauliza kama polisi.

Sijamurudisha. Kabondo nilienda, lakini peke yangu, kuangalia kwanza, namna mutu anavyoangalia nyumba kabla ya kuoza binti. Nyumba ni ya udongo, ukuta mumoja umeanza kushuka. Muti wa papai niliuona, na kipande cha waya bado kimefungwa pale, na chini udongo umechimbika duara, njia ya mbwa anayezunguka bila kufika. Muke ni kijana bado. Alikuwa anatwanga pondu, hakuinua hata kichwa. Nilimuchukia palepale, nakuambia ukweli. Nilisema moyoni, mama gani huyu.

Halafu Jumamosi binti yao alikuja kwenye meza yangu sokoni. Mutoto wa miaka nane hivi, amevaa kanzu ya mutu mukubwa imekunjwa mikono. Akasema, "Mama, haujaona mbwa ya papa yetu? Iko na kengele." Nikasema sijaona. Mbwa alikuwa chini ya meza, kwenye miguu yangu. Aliposikia ile sauti alisimama, nikamukandamiza na goti, lile linaloniuma. Mutoto akasema asante mama, akaenda meza ya pili kuuliza.

Usinihubirie. Najua. Lakini tangu bwana yangu afe, hakuna aliyekuwa ananisindikiza kwenye mawe asubuhi. Sasa huyu anatangulia, anageuka, ananingoja na goti langu. Mutoto wa Stéphanie akilia, yeye ndiye anayefika wa kwanza. Nimemuita Mugeni. Niambie wewe, mutu anayefunga mnyama kwa waya, unamurudishiaje?

Na kwa Urbain, "hakuna jipya la kukuandikia" ni jibu gani? Anaumwa? Wamemufunga? Ni mutoto wangu pia, Médard.

Ursule



Kisangani, 19 Mei 2024

Shemeji,

Nakusalimia bila kujua kama unapokea. Hapa tuko wazima. Maji imepungua, mitego miwili ya Cyprien jirani yetu ilibebwa, anatengeneza mingine. Jibu lako sijaliona. Timothée anasema barua alikupa mukononi, ukaisoma umesimama kando ya camion, ukafika katikati, ukaikunja, ukaingia ndani bila kumuaga. Na tangu siku ile kila akipita kuuliza jibu unamuambia kesho. Nilifikiri umekasirika kwa ajili ya uongo niliomuambia mutoto. Sasa sifikiri hivyo tena.

Yule muke wa Kabondo alikuja kwangu. Nilikuwa kwenye moshi, nageuza samaki, nikainua kichwa nikamukuta amesimama, mutoto mudogo mugongoni. Mbwa alimuendea mara moja, akaweka kichwa kwenye magoti yake. Hapo hata mimi sikuweza kudanganya.

"Mama," akasema, "wananiambia mbwa yetu iko kwako."

"Iko," nikamujibu. "Na waya yenu pia iko, nimeiweka. Unataka kuiona?"

Nilimutupia maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Februari, na unajua nikianza. Alingoja nichoke, halafu akakaa chini bila kukaribishwa.

"Kamba alikuwa anakata na meno," akasema. "Nikifunga pagne, anakata. Kila asubuhi anaenda barrière, pale bwana yangu alipandia camion. Anakaa katikati ya magari. Wanaume wa pale walianza kusema watamukula. Na bwana yangu aliniambia, muchunge mbwa mpaka nirudi. Sasa ningefanya nini? Nilitafuta waya."

"Na maji? Na chakula?"

"Mama, sisi wenyewe kuna siku tulikuwa tunalala hivi hivi."

Nikamuuliza kama huyo bwana yake hana ndugu duniani.

"Iko na papa yake, Banalia. Ni yeye alichonga ile kengele. Lakini alikataa ndoa yetu, kwa sababu mimi nilikuja na Ramla, na papa ya Ramla ni Muislamu. Aliniambia nisikanyage tena kwake. Urbain iko pia na mama mudogo hapa Wagenia, anauza samaki, jina sijui. Alisema atanipeleka kumusalimia siku atakuwa na kitu ya kumuletea."

Médard, nilikaa kwenye majivu, na pagne yangu nzuri.

Anaitwa Florentine. Ramla ni yule binti niliyemufukuza na uongo sokoni. Na mutoto wa mugongoni anaitwa Médard. Nimeliandika polepole ili ulisome vizuri. Urbain alimupa jina lako, pamoja na yote.

Ulinificha ndoa ya mutoto wa dada yangu. Walikuwa hapa Kabondo mwaka muzima, nikishuka sokoni napita karibu nao, na mimi nauliza habari zao Banalia. Na tangu nikuandikie ile kengele na lile sikio ulijua ni mbwa wa nani, ukanyamaza.

Nilitaka amuchukue mbwa siku ile ile. Florentine akakataa. Alisema, "Abaki kwako kwanza, mpaka nipate kitu laini cha kumufungia." Sasa nakuuliza upya, na swali si lile la kwanza. Kule hakuna chakula, hapa kiko. Lakini kule ni mbwa wa bwana yake, na kila Florentine akimuangalia anajiambia bwana atarudi. Tangu Novemba hajapata neno lake. Wewe umepata?

Ursule



Banalia, 30 Juni 2024

Shemeji Ursule,

Amani iwe kwako. Mpunga tumevuna, si haba. Kifua ni kile kile. Asante kwa majani.

Niliandika umrudishe mbwa. Sasa naandika usimrudishe. Akae kwako, umlishe.

Mvue kengele. Chomoa vijiti. Funga vyote katika kitambaa, umpe Timothée, aniletee mimi mwenyewe mkononi.

Yule mwanamke usimwambie neno. Ana watoto wadogo, mwache alale vizuri.

Usiniulize zaidi, nakuomba kwa jina la dada yako.

Médard



Kisangani, 14 Julai 2024

Médard,

Leo salamu utaziweka mwenyewe.

Barua yako niliisoma nje, kwenye moto. Nilipofika pale unaposema nimuvue kengele, Stéphanie akaniuliza, "Mama, nani amekufa?" na mimi nilikuwa sijafungua mudomo. Ile barua yako ya Machi sikuhitaji kuitafuta. Nakumbuka kila neno uliloniandikia juu ya kengele.

Urbain amekufa. Naliandika mimi kwa sababu wewe ulishindwa.

Tangu lini? Nilikuwa namukaushia samaki. Kila mara wanaume wakileta wakubwa nilikuwa natoa mumoja naweka upande wake, na Stéphanie akitaka kuuza nagombana naye. Niliuliza habari zake kwenye kila barua. Ukanijibu habari za mpunga.

Unanituma nimuvue mbwa, nifunge kengele kwenye kitambaa kama chumvi, niipakie camion. Hapana. Umeniandikia wewe mwenyewe ni kazi ya nani. Si ya mama mudogo. Ni ya baba, mbele ya mujane na watoto. Unasema Florentine aachwe alale vizuri. Halali, Médard. Ramla ananiambia kila camion ikisimama barrière mama yake anatoka mulangoni, na sufuria ikiwa motoni anaiacha.

Nimefanya hivi: mbwa nimemurudisha. Nilishona mukanda kwa pagne ya zamani, laini, nikamupeleka mwenyewe jana. Nilibeba kwanga, mawese, na samaki za Urbain, zote. Mbwa alipofika kwenye muti wa papai alilala chini yake mara moja, hakuna aliyemuambia. Florentine alinishika mukono, akauliza, "Mama, uko na habari?" Nilimuambia papa-mukwe wako anakuja. Aliniangalia sana. Niliondoka na kikapu kitupu.

Nilikuwa namuita muke mubaya kwa sababu mbwa amekonda. Yeye na watoto pia wamekonda, na wewe ulijua ni wa nani, na mimi niliwaona kwa macho, nikaangalia papai.

Kengele iko shingoni. Inakungoja wewe. Usipokuja, wataendelea kumungojea mutu, na mimi sitamuvua.

Ursule



Banalia, 5 Agosti 2024

Shemeji,

Nakusalimia kwa aibu. Nitapanda na Timothée kabla ya sikukuu ya Kupalizwa, bac ikiruhusu. Naandika kwa sababu nikifika sitaweza kuyasema haya mara mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa Majilio. Vijana wawili walitoka machimbo, upande wa Bafwasende. Shimo liliwaangukia watu. Wengine walitolewa, Urbain hakutolewa. Walinipa viatu vyake, alikuwa ameviacha juu. Niliwapikia, wakala, wakaenda zao. Jumapili niliongoza sala kama kawaida.

Kama ningelia, ukoo ungeniuliza mjane yuko wapi, na mbele yao wote nilikwisha kusema kwamba yule si mke. Nilijiambia nitasema baada ya Noeli. Kisha baada ya Pasaka. Barua yako ya kwanza ilipofika nilimwomba Mungu awe mbwa mwingine, ndiyo maana niliuliza sikio.

Asubuhi ile Urbain na Florentine walipoondoka kwangu sikuwaaga. Nilimvisha mbwa kengele niliyoichonga mwenyewe, nikampa Urbain kamba mkononi. Ndilo neno nililokuwa nalo.

Mtoto anaitwa Médard kweli?

Médard



Kisangani, 27 Oktoba 2024

Shemeji Médard,

Nakusalimia, na leo nakusalimia kwa moyo wote. Habari za kifua? Stéphanie anasema siku zile ulizolala hapa ulikohoa mpaka kuku waliamka, donc anakutumia asali. Mutoto wake anatambaa, anakula udongo. Maji imepanda vizuri, Cyprien ametundika mitego mipya, samaki iko. Florentine anakuja kwangu kila asubuhi, tunakausha pamoja. Bado anaunguza. Nilimuambia wahamie hapa, akakataa, anasema ile nyumba Urbain aliikanda udongo wake na mikono. Cyprien na wenzake waliusimamisha ukuta.

Timothée ameniambia kengele umeizika kando ya Pétronille, pamoja na viatu. Asante. Nilikuwa nafikiri atalala wapi mutoto huyu asiyetolewa.

Siku ile ulipokuja kumuvua mbwa kengele sikukuambia kitu, nilikuwa bado na hasira. Ulipopiga magoti chini ya papai kamba ya ngozi ilikataa kufunguka, ukahangaika nayo. Nilidhani Florentine atakutukana. Mimi ningekutukana. Lakini aliinama akakushikia kichwa cha mbwa, taratibu, ukafungua. Na hakulia mpaka kijiti cha pili kilipotoka. Nani alimuambia ni wakati gani? Nadhani Urbain alikuwa amemuelezea, namna mutu anavyomuelezea muke wake mambo ya kwao. Kisha ukawapa watoto vile vijiti, na Ramla ndiye uliyemupa wa kwanza. Niliona. Sitasema zaidi, utajivuna.

Uliniuliza kwa Timothée mbwa anaendeleaje. Bon, nitakuambia yote.

Ulipoondoka Florentine alimufungua. Alisema sasa hakuna mutu wa kumuchungia, atembee. Ule mukanda wangu wa pagne anao Ramla, amefungia nywele. Na mbwa amenona, ungemuona, hata kovu la shingo limeanza kuota manyoya. Tulifikiri kwa kuwa sasa anashiba atabaki nyumbani, au atakuja kwangu kwenye mawe. Alikuja kwangu mara moja, akanisindikiza mpaka chini, akangoja goti langu kama zamani, halafu akageuka akaenda zake.

Anaenda barrière. Kila asubuhi, Médard. Anakaa mahali pale pale. Camion ikisimama, anasimama. Watu wanashuka, anawaangalia mumoja mumoja mpaka wa mwisho. Halafu anakaa tena. Wale wanaume hawasemi tena kumukula. Muuza mikate anamutupia kipande, na wapagazi wamemuwekea gunia akalie. Nilienda mwenyewe kumuita, nikamuita Mugeni, nikamuita na jina lake la kweli ambalo Florentine alinifundisha. Alinitikisia mukia, hakuondoka.

Jioni anarudi. Kwa kuwa hana kengele hakuna anayemusikia akiingia, basi Florentine anaacha mulango wazi kidogo.

Sasa kuna swali ambalo limenishinda, nakutumia wewe uliyesoma katekisimu. Juzi nilikuwa kwao, mbwa akaingia kutoka barabarani, mavumbi mpaka puani, akalala chini. Ramla alimuangalia sana. Halafu akaniambia, maana sasa ananiita koko, bibi yake, "Koko, sisi walituambia. Yeye, nani atamuambia?"

Nilimuambia nitakuuliza. Anangoja jibu, na mimi pia.

Ursule